Amekwenda Sokoni, Atarudi

Mimi sijui Kihindi. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane mbele ya safari. Sikijui leo, sikukijua mwaka 1958, na katika miaka yote kumi na minne niliyosimama gizani kando ya skrini ya Ramzanali pale Kisumu, nikiwatafsiria watu filamu za Kihindi kwa Kiswahili, sikupata kujua hata neno la kuombea maji.

Kosa halikuwa langu peke yangu. Niliajiriwa kuchana tikiti. Jumapili moja watu wa mabenchi ya mbele wakaanza kupiga miguu sakafuni, wanataka kujua yule mama kwenye picha analilia nini. Ramzanali mwenye sinema, mtu ambaye maneno yalimtoka kwa uchungu kama jino, akaninyooshea kidole. "Wewe. Waeleze." Yeye alidhani mtu aliyefanya kazi kwa Mhindi miezi mitatu lazima awe ameshakijua Kihindi. Mimi nilidhani nikikataa nitarudi Kisii kuchuma pareto. Nikapanda juu ya kreti ya soda nikaeleza: mama analia kwa sababu mwanawe amepata kazi Mombasa na hajaandika barua mwaka wa pili huu. Miguu ikatulia. Nikasikia mtu anapenga kamasi.

Nani angenigundua? Waafrika wa kwenye mabenchi hawakujua Kihindi. Wahindi wa ghorofani, karibu wote Waismaili, nyumbani walisema Kikachi na dukani Kigujarati. Kile Kihindi cha filamu, cha mashairi na viapo, walishika nusu, na nusu iliyobaki wakaniachia mimi. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili unajua. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na minne, na katikati ya njia nikapewa baiskeli.

Ila nisijishushe kupita kiasi. Waigizaji wa enzi ile walikuwa na nyuso zinazosomeka. Kulikuwa na mmoja aliyeweza kuinua unyusi wa kushoto tu, nawe ukajua shamba limeuzwa na baba mtu hajui. Kulikuwa na mwanamke aliyefunga mlango taratibu kiasi kwamba kina mama wa Kisumu walikwenda nyumbani wakaanza kufunga milango yao vile vile, na waume zao wakaingiwa na hofu. Mimi nilisoma nilichoonyeshwa. Wao ndio waliofanya kazi, na nawaheshimu mpaka leo hivi ninavyosema, kwa sababu mtu anayeweza kukuliza bila wewe kujua anachosema si mtu wa kuchezewa.

Nyimbo ndizo zilizonishinda. Wimbo wa dakika saba, watu wawili wanazunguka mti, utatafsiri nini? Nikawa natumia nafasi hiyo kutoa matangazo. Mbuzi mwenye doa jeupe ameonekana karibu na posta. Mama Atieno anaombwa arudi nyumbani, mtoto ana homa. Watu wakazoea hivyo, wakawa wanaleta matangazo yao kwenye karatasi kabla filamu haijaanza.

Sinema ilifungwa mwaka 1972, Ramzanali na mkewe wakahamia Kanada, nami nikarudi kwenye pareto. Mwaka 1994 binti yangu Kwamboka, ambaye ni nesi, akanileta Toronto kuishi naye kwenye ghorofa la kumi na moja huko Kingsview Village, mahali ambapo ndege zinapita karibu na dirisha mpaka unaweza kuhesabu magurudumu. Hapo nikawa mzee wa kawaida. Kazi yangu ilikuwa kupeleka nguo kwenye mashine za chini na kuzilinda.

Halafu siku moja, mwaka wa 1996, tuko kwenye basi la Dixon Road, wanawake wawili mbele yetu wakaanza kugombana kwa lugha ambayo nadhani ilikuwa Kireno. Nikajikuta namweleza Kwamboka: "Huyu mwenye koti la kijani anasema, sufuria niliyokuazima ulirudisha bila mfuniko. Mwenzake anasema, mfuniko ulikuja bila sufuria." Kwamboka akaniambia, "Baba, please, watu wanaangalia." Na kweli mtu alikuwa anaangalia. Mzee wa Kihindi mwenye kofia ya manyoya alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, machozi yanamlengalenga, akisema kwa Kiswahili cha Kisumu kabisa, "Sauti hii naijua. Ni wewe, bwana. Wewe ndiye uliyetufundisha Kihindi."

Huyo alikuwa Fatehali, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na sinema yetu. Yeye na shemeji yake Madatali walikuwa wameunda kamati ya kuandaa Siku ya Kuwaenzi Magwiji wa Filamu za Kihindi, Jumapili mchana, katika ukumbi wa shule moja huko Markham. Wageni wangekuwa watu wa Kisumu waliotawanyika Toronto nzima. Walikuwa na picha kumi na mbili za magwiji za kutundika, maua ya kuzivisha, sambusa, na mashine ya kuonyeshea. Walichokosa ni mfasiri, na wasingekubali mwingine.

"Nani amechagua filamu?" nikauliza.

"Mjane wa Ramzanali," akasema Fatehali. "Bi Gulzar. Ameomba ile ya mwanamke na treni."

Nikashika nguzo ya basi kwa mikono miwili, na sababu yake sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Bi Gulzar, enzi zile tukimwita memsahibu, alikuwa mtu pekee aliyekumbuka kwamba anayesimama juu ya kreti kwa saa tatu ana tumbo. Kila mapumziko aliniletea chai ya tangawizi na bhajia za viazi kwenye karatasi, na chatini ya ukwaju ndani ya kikombe cha yai. Wengine walinipa matangazo tu. Mchana mmoja wa mwaka 1964 akaingia peke yake baada ya taa kuzimwa. Hakupanda ghorofani. Alikaa benchi la nyuma, na chini ya miguu yake nikaona sanduku la safari. Treni ya Nairobi ilikuwa inaondoka jioni ile. Watu wa mjini walijua kwamba Ramzanali anaweza kukaa wiki nzima bila kusema na mkewe, si kwa ubaya, ni kwa sababu hakuwa na la kusema.

Na kwenye skrini, kama kwa makusudi, ilikuwa filamu ya mwanamke aliyeolewa na bubu wa hiari. Karibu na mwisho anasimama mlangoni na sanduku, uso wake unajaza skrini nzima, anamwambia mumewe maneno manne matano, kisha anakwenda kupanda treni. Siku zote nilikuwa nikisema anaondoka. Haikuhitaji kujua Kihindi. Lakini siku ile niliangalia benchi la nyuma, nikafikiria mapumziko ya Jumapili ijayo, na mdomo wangu ukasema hivi:

"Anasema: Mume wangu, nilitaka kuondoka. Lakini nikiondoka nani atakaanga bhajia? Wewe hujui kuomba. Basi nitabaki bila kuombwa. Naenda sokoni, nitarudi."

Akapanda treni. Watu wakaridhika kabisa. Sanduku wakalielewa kuwa ni la kubebea viazi. Taa zilipowaka, benchi la nyuma lilikuwa tupu, na Jumapili iliyofuata chai ikaja kama kawaida. Toka siku hiyo sikubadilisha tena maneno yale, na filamu ile ilirudi Kisumu mara tisa.

Kwa hiyo mnaelewa. Nilimfunga mwanamke kwenye ndoa ya ukimya kwa ajili ya bhajia. Walipohamia Kanada sikujua waliishi vipi, kama alicheka tena au alikauka, na nilikuwa nikiogopa kujua. Sasa ameomba filamu ile ile. Mtu haombi filamu ile kwa nia njema, nilisema moyoni.

Fatehali akaniletea kaseti iliyonunuliwa kwenye maduka ya Wahindi ya Gerrard Street ili nijikumbushe. Kwamboka akiwa kazini, nikaiweka. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Kiingereza nakijua. Nilikaa mbele ya televisheni ile kama mtu anayesomewa mashtaka. Niliyekuwa nikimwita daktari alikuwa shemeji. Malaria ya mama mkwe ilikuwa deni la urithi. Mtoto aliyepotea hakuwa amepotea, alikuwa shule. Na mlangoni, uso umejaa, maandishi yakasema: Ninaondoka, na sitageuka nyuma.

Jioni nikamweleza Kwamboka yote. Alikuwa bado amevaa viatu vya kazi.

"Si uwaambie tu ukweli, Baba?"

"Niseme nini? Kwamba walichojifunza miaka kumi na minne ni upuuzi wa mchuma pareto?"

"Basi mwambie yeye peke yake."

"Na akisema nilimharibia maisha?"

Kwamboka akavua kiatu kimoja, akafikiri. "Basi atakuwa ameshasema. At least utajua." Watoto wa siku hizi wanatoa dawa chungu bila hata kukupa sukari ya kulamba.

Jumapili ikafika na theluji mpaka magotini. Ukumbini walikuwa watu mia mbili, wazee kwa vizee, makoti yamerundikana kwenye meza mpaka yakawa kilima. Picha za magwiji zilikuwa zimepangwa ukutani na mataji ya maua. Kamati ilikuwa imegombana wiki tatu juu ya nani atangulie, kwa hiyo Madatali akazitundika kwa kufuata urefu wa pua zao, ambao alisema hauna upendeleo. Nikazihesabu nikapata kumi na tatu. Ya kumi na tatu ilikuwa ya Ramzanali, mwenye suti yake ya kahawia, midomo imefungwa. Bi Gulzar alikuja nayo asubuhi akaitundika mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Watu walipita wakiinamisha vichwa mbele ya kila picha, na mbele yake pia, na nilimsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika zile filamu zisizo na sauti.

Bi Gulzar mwenyewe alikuwa safu ya mbele, shali nyeupe, mkoba mapajani. Nywele zilikuwa mvi zote. Kanada imetushusha vyeo sote, kwa hiyo sikumwita memsahibu. "Shikamoo, Mama Gulzar," nikasema, ingawa umri wetu ni mmoja. "Karibu kwenye kreti yako, Silvanus," akajibu. Walikuwa wameniletea kreti kweli.

Mambo yalianza kuharibika dakika ya kumi. Watu wakaanza kunong'ona, kisha kunung'unika, kisha Madatali akasimama na kusimamisha kaseti. "Ndugu zangu, mmeona? Haya maandishi ya Kiingereza yamekosea. Yanamwita daktari shemeji."

"Ni aibu," akasema mtu wa nyuma. "Wanauza kaseti bila kuuliza wanaojua."

Nilitaka kusema neno. Kabla sijafungua mdomo nikamwona Fatehali anakuja na kitambaa cha meza ya sambusa, anakibana kwa pini chini ya skrini ili kufunika maandishi. Kikafunika maandishi na miguu pia. Kuanzia hapo waigizaji walicheza ngoma wakiwa viwiliwili tu, wanaelea juu ya maua ya kitambaa na doa la chatini, na hakuna aliyelalamika. Wimbo wa kwanza ulipoanza, watu mia mbili waligeuza macho kutoka kwenye skrini wakaniangalia mimi. Sikuelewa. Kisha nikaona karatasi zinapitishwa mkono kwa mkono kuja mbele.

"Gari la kijivu karibu na mlango limeachwa na taa zinawaka," nikasoma. "Mzee Habib ameacha meno yake kwenye glasi jikoni. Chai ya bila sukari iko upande wa kushoto." Wakashusha pumzi, na wimbo ukaendelea.

Kwa saa mbili na nusu nilikuwa kijana. Sioni haya kusema nilifurahi. Lakini treni ilikuwa inakaribia, na kila nikimtazama Bi Gulzar, alikuwa hatazami skrini, ananitazama mimi.

Uso ule ukajaa. Nimeuona labda mara mia, na bado nikanyamaza. Midomo ikatembea, maneno manne matano. Ukumbi ukanisubiri. Mtu akakohoa. Ndipo Bi Gulzar, bila kusimama, akasema kwa sauti ya wazi, "Anasema: ninaondoka, na sitageuka nyuma."

Ukumbi ukachafuka. Madatali akageuka kwa heshima zote. "Mama Gulzar, tunakuomba. Mwache mwenye kujua aseme."

"Anasema anaondoka," akarudia.

"Mama, hicho si Kihindi," akasema Fatehali kwa huruma, kama anayemzuia mgonjwa kushuka kitandani. Na kutoka nyuma wakaanza, kwanza wawili watatu, kisha wote, wazee wa Markham na Scarborough waliokuwa na miaka ishirini pale Kisumu, kwa Kiswahili, neno kwa neno: nani atakaanga bhajia, wewe hujui kuomba, basi nitabaki bila kuombwa, naenda sokoni, nitarudi. Mwanamke akapanda treni bila miguu. Wakapiga makofi mpaka picha moja ikaanguka.

Nilimkuta kwenye kilima cha makoti, akitafuta lake. Nikasema kabla woga haujanirudia.

"Mama Gulzar, mimi sijui Kihindi."

"Najua."

"Sijawahi kukijua."

"Silvanus, mimi ni mzaliwa wa Bombay. Wiki ya kwanza tu nilimwambia mume wangu, mtu wako anasema uongo. Akaniambia, ndiyo, lakini hawapigi tena miguu." Akavuta mkono wa koti, halikuwa lake, akaliacha. "Na siku ile nilijua unasema na mimi. Yule wa kwenye picha nilimsikia kwa sikio hili, naondoka. Wewe nikakusikia kwa hili. Mwanamke mwenye dhahabu zote zile, bhajia atakaanga saa ngapi?"

"Sikusema ubaki kwa sababu ya ndoa yako," nikasema. "Nilifikiria tumbo langu. Nilikuwa na njaa, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukinikumbuka. Nimekaa na jambo hili miaka thelathini na miwili. Nisamehe."

Nje gari la kijivu lilikuwa linakataa kuwaka.

"Hilo pia nilijua," akasema. "Ndiyo maana nilirudi. Nilikuwa kwenye nyumba ile mwaka wa tisa. Ningepanda treni, mume wangu angegundua Ijumaa. Wewe ungegundua kabla ya mapumziko. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua nikiondoka kitapungua nini."

"Na ulijuta?"

"Siku nyingine. Aliyeolewa asiyejuta hata siku moja, huyo hakuwa nyumbani." Akalipata koti lake, nikamshikia. "Usiku ule nilimwambia, nilikuwa naondoka, Silvanus amenizuia. Akamaliza chai yake, akaenda kulala. Kesho yake nikapita sinema, nikakuta baiskeli mlangoni. Nyeusi, mpya. Nikakaa nje nikalia. Alikuwa hajui kuniomba, lakini alijua nani wa kumshukuru."

Nilisimama na mkono mmoja wa koti lake hewani. Baiskeli ile niliyodhani nimepewa kwa kuwahi kazini. Nilikuwa nimewahi maisha yangu yote kwa ajili ya baiskeli ile. Ukutani Ramzanali alikuwa ametufumbia midomo, taji la maua limemwangukia jicho moja.

Bi Gulzar akafungua mkoba, akanipa kitu chenye harufu ya viazi, kilichofungwa kwenye karatasi ya alumini. "Zimepoa," akasema, na akaenda zake na Madatali.

Kwenye gari nikamsimulia Kwamboka. Aliendesha taratibu kwa sababu ya barafu. Tulipopita taa ya pili akauliza.

"Baiskeli ipi?"

"Ile nyeusi. Uliyokuwa ukipanda nyuma kwenda shule."

"Kilomita sita."

"Saba."

Akapunguza mwendo. "Kwa hiyo mimi nimesoma kwa sababu ya bhajia."

Nikamwambia ndiyo. Akanyoosha mkono bila kuondoa macho barabarani, nikampa moja.